Kilo Mbili na Robo

Nilidunduliza miaka mitatu kwenye kikoba cha Uyole,
hisa juu ya hisa, faini za kuchelewa nikalipa,
nikanunua baiskeli ya gia ishirini na nne,
kijani kama jani la chai mvua ikikatika.
Bei yake sikumwambia mama.
Mama angeigeuza ng'ombe,
angewahesabu, angelia.

Jumamosi nikaikokota hadi Mwanjelwa,
taratibu, kama ninayemsindikiza bibi harusi,
mpaka kwa Chaula, Mkinga wa misumari,
ambaye hakuinua macho kwenye daftari la madeni.
"Kufuli," nikasema.
"La kumzuia nani?"

Swali hilo sikulitarajia.
Miaka yote nafundisha hesabu
nilidhani kufuli ni kufuli.

Akaanza na la waya, limevikwa plastiki ya bluu,
jepesi, linajikunja kama nyoka aliyeshiba.
Nikalipenda. Akachomoa mkasi wa chuma chini ya meza,
akakata kipande cha waya wa maonyesho
ambao ulishakatwa mara nyingi umebaki shubiri,
kwa!
mkono mmoja, kama mkunga na kitovu.
"Hili," akasema, "humzuia mpita njia."

Likaja la namba, tarakimu nne.
Hapo nikatabasamu: njia elfu kumi za kukosea!
Mwanawe Obadia, wa darasa la tano,
hindi la kuchoma mkononi,
akalivuta, akalizungusha, sikio ameliinamisha,
na kabla hajamaliza mstari mmoja wa punje
likaachia.
Hakuhesabu chochote. Alisikiliza.
Nikaficha vidole vyangu vyenye chaki.

La tatu pingu nene yenye umbo la U,
zuri, zito, halikatiki kirahisi,
ila mdomo wake mdogo:
haumezi nguzo ya umeme, haumezi mti wa shuleni,
kufuli la mji ambao sijawahi kufika.

Ndipo nikaona, msumari uleule,
makufuli yananing'inia na mikasi ya kuyakatia.
"Chaula, unauza vyote viwili?"
"Watu hupoteza funguo, mwalimu."
Akafungua ukurasa mwingine wa madeni.
"Wengine hupoteza haya."

Baba alikuwa na Foniksi, kule Masoko.
Aliiegemeza ukutani kwa kanisa la Moraviani,
akaimba zaburi zote bila kugeuka nyuma.
Pedali ya kushoto ililia kama kifaranga
na kilima kizima kiliujua mlio ule;
ndio ulikuwa kufuli.
Hayo husimuliwa kila msiba.
Kisichosimuliwa ni kwamba iliibiwa,
na aliyeiiba alikuwa mjomba.

Nikachukua mnyororo.
Pingili za mraba, ala ya kitambaa cheusi,
elfu sitini na tano, hakupunguza hata mia.
"Funga fremu, usifunge tairi," akanisindikiza mlangoni.
"Pale Kabwe niliona tairi limefungwa vizuri mno,
peke yake, kama mbwa aliyesahauliwa."

Kilo mbili na robo. Niliupima kwenye mizani ya viazi.
Baada ya Sae barabara inaanza kunipinga,
malori ya Tunduma yananipulizia moshi,
na mimi nashusha gia, nashusha tena,
kwa sababu nimempakia mwizi kwenye keria.
Simjui jina. Huenda hajazaliwa.
Huenda ananisalimia kila siku, shikamoo mwalimu.
Nampandisha mlima, yeye hakanyagi.

Sasa ni Juni, umande unaganda nyasini.
Alfajiri nachuchumaa kwenye nguzo ya baraza,
kufuli limekaza kwa baridi, ufunguo hauingii,
na mimi, Tusekile, mwenye chombo cha fahari,
nalifumbata viganjani,
nalipulizia pumzi, haa, haa,
kama kifaranga kilicholowa,
hadi litakaponikubali.